Kikapu cha Mkono wa Kushoto

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupiga mashini ya kuandika katika nyumba moja ya Himbi, mtaa wa Goma ulio kando ya ziwa. Mwenye nyumba, Mzungu wa kahawa, alikuwa ameondoka na kuacha hata mapazia. Serikali ikaifanya ofisi ya utamaduni, na sebule ikaitwa makumbusho. Jina lilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe: rafu za mbao kwenye kuta tatu, kabati mbili za kioo, na picha ya Rais juu ya mahali ambapo Mzungu alikuwa akiwasha moto siku za baridi. Wafanyakazi tulikuwa wawili. Kulikuwa na Citoyen Directeur, yaani Mwananchi Mkurugenzi, aliyevaa abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku ambazo hakuna aliyekuja kututazama. Na kulikuwa na mimi, msichana wa miaka ishirini na mmoja niliyesoma kwa masista na kudhani kwamba nimesoma.

Niseme mapema kwamba mimi ni mbishi. Mama mkubwa aliyenilea alikuwa akisema nilizaliwa miguu ikitangulia ili nipate nafasi ya kubishana na mkunga. Ubishi huo ulinipotezea wachumba wawili na ukanipa kila kitu kingine nilicho nacho.

Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, tulipoambiwa turudi kwenye asili yetu. Majina ya ubatizo yalikuwa yamefutwa, suruali za wanawake zimepigwa marufuku, na kila zone, yaani wilaya, ilitakiwa ionyeshe kazi za mababu. Mimi sikuwa na neno na mababu. Nilitaka tu kujua kama mabibi nao walikuwemo.

Kazi ya kila siku ilikuwa fishi. Kila kitu kilichokaa kwenye rafu kilihitaji fishi yake, kikaratasi kigumu chenye maelezo, nakala tatu kwa kaboni: moja ya rafuni, moja ya ofisi, moja ya kupelekwa Kinshasa kwa ndege. Directeur aliandika kwa mkono, mimi nikapiga. Tulianza na vinyago, viti vya machifu na mikuki. Kila kimoja kilikuwa na jina la fundi, kijiji chake, na mara nyingine jina la baba yake. Kisha tukafika kwenye rafu ya chini kabisa. Hapo palikuwa na vikapu kumi na kimoja, na kwa kila kimoja Directeur alikuwa ameandika maneno mawili yaleyale: Auteur inconnu. Yaani, aliyekitengeneza hajulikani.

Niliyapiga maneno hayo mara nne. Mara ya tano niliinuka kwenda kuvitazama.

Kimoja kilikuwa kidogo, na kifuniko chenye ncha na mistari myeusi iliyopanda na kushuka. Nilikigeuza nikatazama chini. Vikapu vya namna ile huanzia kwenye kitovu. Mshonaji anachukua kishada chembamba cha nyasi, anakikunja, anakishona kwa sindano ndefu, kisha anakizungusha, duara juu ya duara, mpaka kikapu kinapata makalio ya kukalia. Wanawake wa milima yetu ya Masisi huzungusha upande mmoja wote, kwa sababu wote wamefundishwa kushika sindano kwa mkono wa kulia. Kitovu hiki kilizunguka kinyume. Duniani nilimjua mwanamke mmoja tu aliyeshona kinyume, naye alikuwa akikaa mtaa wa Birere, mwendo wa miguu kutoka pale nilipokuwa nimechuchumaa.

Alikuwa ndiye huyo mama mkubwa, dada wa mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka minne, na mgongo nilioukumbuka baada ya hapo ulikuwa wake. Alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Utotoni walimfunga mkono huo kwa kamba ya mgomba wakati wa kula, mpaka akajifunza kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia na kupokea kwa kulia. Kwenye kushona tu ndipo waliposhindwa. Kwa kuwa mkono wa kushoto hautoi zawadi kwa mtu, alishona nyuma ya nyumba, uso ukielekea ukutani, na mwanamume akipita alifunika kazi kwa kitenge. Ajabu ni kwamba vikapu vyenyewe vilitoka kama zawadi katika harusi za milima mizima. Vilibebwa na mikono ya kulia ya watu wengine. Jinsi hicho kimoja kilivyofika Himbi sijui mpaka leo.

Nilikwenda nacho mezani kwa Directeur.

“Citoyen Directeur, hii inajulikana.”

“Na nani?”

“Na mimi. Namujua mama aliyeishona.”

Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akakitazama kikapu, akanirudishia. “Basi andika jina. Fishi njo kazi yake.” Kwetu njo ni ndiyo, na batu ni watu.

Nikarudi kwenye mashini, nikaingiza karatasi na kaboni zake, nikaweka vidole juu ya herufi. Jina sikuwa nalo.

Aibu ya dakika ile bado ninayo. Mwanamke aliyenibeba, aliyenilipia daftari kwa vikapu vyake, na sikulijua jina lake. Mimi nilimwita Mama mkubwa. Birere yote ilimwita Mama wa fulani, kwa jina la mwanawe wa kwanza, mfanyabiashara wa vitenge ambaye alikuwa akikaa naye. Marehemu mume wake alimwita kwa kukohoa. Jina la ubatizo nililisikia kanisani, lakini hilo halikuruhusiwa tena kwenye karatasi ya serikali. Basi nikapiga kile ambacho kila mtu angekielewa: Mama, na jina la mwanawe. Nilifurahi kweli, nikampelekea Directeur atie sahihi.

Alichukua kalamu akakata neno Mama. “Hii si jina,” alisema. “Ni ya nyumbani. Kinshasa batatucheka.” Akabakiza jina la mwana peke yake, akaniambia nipige upya, akatia sahihi na kugonga muhuri.

Na mimi mbishi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba watu wataelewa tu, kwamba kila anayeona jina la mtoto anamwona mama nyuma yake, kwa sababu ndivyo tunavyoishi. Katika makosa yote ya kazi yangu, hilo ndilo ninalolijutia zaidi.

Jumapili makumbusho yalifunguliwa kwa watu. Mteja mmoja wa vitenge alisoma jina kwenye rafu, akalipeleka Birere. Jumatatu mwana akafika mwenyewe na rafiki zake wawili, shati jeupe, viatu vinang’aa. Alisimama mbele ya kikapu akacheka mpaka machozi. “Kumbe mi niko fundi,” alisema. Rafiki zake wakampongeza kwa mzaha. Kufikia Jumatano mzaha ulikuwa umezoeleka, na watu sokoni walikuwa wakimwita Fundi. Naye aliitika. Mfanyabiashara anajua thamani ya jina lililogongwa muhuri.

Nilimngoja nje ya duka lake nimwambie tutalisahihisha.

“Iache vile,” alinijibu, bila ubaya. “Batu bote banamuitaka na jina yangu. Yangu na yake njo moja.”

Ni mimi niliyelipiga chapa.

Nikazunguka nyuma ya nyumba waliyokaa, duka likiwa mbele. Mama mkubwa alikuwa amekaa juu ya jiwe jeusi la volkano, akichagua maharage kwenye ungo. Nilimsalimia, akaendelea kuchagua.

“Umekuja kujifunza kushona?” aliniuliza mwishowe. “Mwalimu eko mu duka. Muingilie kwa mbele.”

“Mama mukubwa, nilikosa.”

“Ule mutoto hajashikaka hata nyasi moja. Nilimubeba mu mugongo, nikashona. Akalia, nikashona. Leo njo yeye fundi.”

“Nitarudisha. Tutaandika vile ilikuwa.”

Hapo aliuweka ungo chini akanitazama. “Sikiliza. Mbele muliandika hajulikani. Ile haikuniuma. Mutu asiyejulikana, siku ingine batamutafuta. Lakini sasa mumeisha kuandika mwingine. Nani atanitafuta tena?”

Nililia, na mimi silii ovyo. Alinipa pembe ya kitenge chake nijifute, kisha akanisukumia ungo nimsaidie maharage. Tukichagua pamoja, nilimwomba anipe jina lake.

“Gani?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Ya ubatizo, serikali ilikamata. Ya kwa bakwe, bananiitaka na kilima nilitokea, ni jina ya kilima, si yangu. Ya mutoto, umeona kazi yake.”

“Na ile baba yako alikupatia?”

Alitoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa. Jina lile alikuwa ameliacha kwa baba yake siku alipoolewa. Ukweni halikutajwa, na waliokuwa na haki ya kumwita kwalo walikuwa wote wamezikwa kule juu milimani. Katika Goma nzima hapakuwa na mtu mmoja aliyelijua.

“Ile si ya kutupa mu biro ya serikali,” alisema. “Jina si kitu ya kukamata mbiombio. Enda, utarudi.”

Nilirudi kesho yake, nikachagua maharage. Nilirudi kesho kutwa, nikateka maji. Sikuuliza tena, ubishi wa kweli hauhitaji mdomo. Jumatano ya wiki iliyofuata, nikiwa nimekwisha kuaga, alilisema kwa sauti ndogo, mara moja. Akaweka sharti lake. “Utaliandika mara moja tu, pale kwa kitunga yangu. Usilitembeze mu barabara.”

Ndiyo sababu katika kurasa hizi hulioni. Na kama lake halimo, la mtu mwingine yeyote halitaingia kabla yake.

Furushi la Kinshasa lilikuwa liondoke Jumamosi. Likishaondoka, jina la mwana lingekuwa kwenye kitabu cha taifa, na nani wa Goma angekwenda kulifuta huko? Nilimweleza Directeur nikiwa nimesimama, kwa kuwa nikikaa mimi huwa mpole.

“Fishi ina muhuri,” alisema. “Kubadilisha ni kusema serikali ilidanganyika.”

“Ilidanganyika.”

“Na huyu citoyen alifika hapa na kitambulisho yake. Jina na sura viko sawa. We unaniletea jina ambayo haiko kwa karatasi hata moja. Ushahidi iko wapi?”

Nilikipindua kikapu juu ya meza yake. Nikamwonyesha kitovu, nikaleta vingine viwili nikavipindua pembeni, akaona mizunguko ilivyopingana. Nikamwambia kuhusu mkono. Alikuwa mtu wa Butembo, mama yake mwenyewe alishona, na niliona macho yake yakikaa pale zaidi ya ilivyohitajika. Lakini alikuwa mtu wa faili.

“Basi aje ashone hapa,” alisema. “Mbele yangu. Kesho.”

Kutoka Himbi hadi Birere nilitembea nikijua ninachokwenda kuomba. Mwanamke yule hakuwahi kushona mbele ya mwanamume, hata mumewe, hata mwanawe. Nilimwambia yote bila kupaka sukari. Aliuliza, “Ule Directeur ni wa rika gani?”

“Rika ya mutoto yako.”

“Haya. Nitamuhesabu mutoto.”

Ijumaa walifika asubuhi. Mama mkubwa alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Nyuma yake alikuja mwanawe, amekunja uso, amebeba furushi la nyasi zilizoloweshwa. Sikumwalika. Aliagizwa abebe, akabeba.

Directeur alimwekea kiti. Alikikataa akakaa chini, miguu imenyooka, akafungua nyasi. Kisha akachukua sindano kwa mkono wa kulia.

Nilidhani ni kuanza tu, kwamba ataihamisha. Hakuihamisha. Vidole vilikosa njia, kishada kikafunguka, akakikunja tena, na kitovu kikaanza kuzunguka kama cha kila mtu. Directeur alitazama kile kikapu cha rafuni, akatazama mikono ya mama mkubwa, akanitazama mimi. Mkono wake ukaenda kwenye faili ili alifunge.

“Mama mukubwa,” nilisema, “mukono yako.”

“Kuko banaume hapa.”

“Wako. Na jina yako kesho inaenda ao haiendi.”

Sijawahi kumsemesha hivyo kabla wala baada. Alinitazama kwa jicho ambalo utotoni lilikuwa likinikalisha chini. Halafu akaichomoa sindano, akafumua kila alichoshona, akanyoosha nyasi upya juu ya paja lake. Akaichukua kwa kushoto.

Mikono ilitulia palepale. Sikuwa nimewahi kumwona akishona kutoka mbele. Mimi pia niliyajua mabega yake tu. Sindano iliingia, ikatoka, ikavuta, na kishada kikajikunja kinyume bila kubembelezwa. Kitovu kilipofikia upana wa sarafu, Directeur aliinuka mezani, akapandisha suruali ya abakosi kwenye magoti, akachuchumaa sakafuni, akakipindua kile kikapu cha rafuni kando ya mkono wa mama mkubwa. Vilizunguka upande mmoja.

Mwana alikuwa amegeukia dirishani, kwenye ziwa. Alikuwa amekaa nyumba moja na mwanamke yule maisha yake yote.

“Citoyen Directeur,” alisema bila kugeuka, “ondoa jina yangu.”

Directeur aliichana fishi vipande viwili. “Piga ingine,” aliniambia.

Nilipiga polepole, bila kufuta herufi hata moja. Mara moja, kwa kaboni, ni mara tatu. Hilo sikumwambia mama mkubwa. Sahihi, muhuri, nakala ikaingia kwenye furushi la Kinshasa.

Nikiwa bado napiga, yeye alivitaka vile vikapu kumi vingine. Alivipokea kimoja kimoja, kwa mkono wa kulia, akavipindua. Vinne alivitambua. “Hii ni ya mama mumoja wa Kibumba, anabanaka nyasi sana. Huyu ni Mama ya…” Akasikia alichosema, akafunika mdomo, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Hata yeye aliwajua kwa majina ya watoto wao.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ambayo hakuna aliyeniandikia barua ya kuifanya. Kwa miaka mingi Jumamosi zangu zilikwenda kwenye kazi hiyo, juu ya malori ya kabichi ya njia ya Rutshuru, na kwa miguu mahali lori lisipofika. Niliwauliza wanawake jina walilopewa na baba zao. Wengine walicheka, wengine waliomba siku ya kufikiri, mmoja alinifukuza kwa ufagio na nikarudi mara mbili. Nilipata sita. Kwa vikapu vinne vilivyobaki nilikataa kupiga Auteur inconnu. Tulibishana miezi miwili, mimi na Directeur, mpaka akachoka akaniruhusu niweke mstari wangu, kwa Kifaransa ili Kinshasa wasome vizuri: mwanamke ambaye bado hatujamuuliza jina.

Lakini ile Ijumaa hayo yote yalikuwa bado. Fishi ilikuwa imekauka, nimeiegemeza mahali pake kwenye rafu ya chini. Mama mkubwa alikuwa ametugeuzia mgongo, amepiga magoti, anakusanya mabaki ya nyasi kwenye furushi. Kusoma hakujua.

“Sasa imesema nini?” aliuliza.

Nilisoma kwa sauti ya ofisi, kutoka juu kwenda chini. Kitu: kikapu chenye kifuniko. Nyasi zilizopakwa rangi nyeusi kwa tope. Milima ya Masisi. Kisha nikalisoma jina.

Aliitika. Haikuwa sauti niliyoijua; ilikuwa nyembamba na ya haraka, ya msichana aliyeitwa na baba yake kutoka shamba la juu, na alikuwa amekwisha kunyanyua goti moja ili akimbie. Nyasi zikamwanguka. Akageuka akatutazama, mimi, Directeur na mwanawe, mmoja baada ya mwingine, akitafuta aliyemwita.

Hakuna aliyecheka. Alikaa chini polepole, akaweka mikono yote miwili pajani.

“Soma tena,” alisema.